Baada ya kisu: Mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo atarajie nini?

Mgonjwa aliyetolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani huzinduka kitandani akiwa na maswali mawili. La kwanza hulijibu mwenyewe: hufumbua kinywa akajaribu kutamka neno moja, ili ajue kama sauti yake ingalipo. La pili humkaa rohoni siku nyingi, na mara nyingi hukosa ujasiri wa kumwuliza daktari. Je, nitaishi?

Msomaji, huenda swali hilo ni lako, ama ni la mama yako, dada yako au jirani yako. Leo tutalijibu waziwazi. Wengi wa wagonjwa hawa huishi, tena miaka mingi, wakalea watoto wao na kuwaona wajukuu. Lakini jibu hilo lina masharti. Upasuaji huondoa uvimbe kwa saa chache tu. Yanayofuata hudumu maisha yote, na sehemu kubwa yake imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe.

TEZI YENYEWE NI IPI?

Weka kidole mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo ndipo ilipo tezi iitwayo thairoidi. Ina sehemu mbili, moja kila upande wa bomba la hewa, mfano wa kipepeo aliyetanua mabawa. Kazi yake ni kuchukua madini ya iodini tunayoyapata katika chakula, hasa katika chumvi iliyotiwa iodini na samaki wa baharini, na kuyatumia kutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Homoni hiyo ndiyo huamua mwili utumie nguvu zake kwa kasi gani. Mapigo ya moyo, joto la mwili, kazi ya matumbo, hata wepesi wa kufikiri, vyote huitegemea.

Tezi hii ikivimba tunasema mtu ana rovu. Rovu nyingi si saratani. Hata hivyo, uvimbe mgumu unaozidi kukua, sauti inayokwaruza kwa majuma bila mafua, shida ya kumeza, ama vinundu vingine pembeni mwa shingo ni dalili za kumpeleka mtu hospitalini mapema. Wanawake huipata saratani hii mara tatu hivi zaidi ya wanaume.

SI UGONJWA MMOJA

Saratani ya thairoidi ina aina nne kuu, na tofauti kati yake ni kubwa sana.

Ya kwanza ni papilari. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya thairoidi, 80 au zaidi huwa na aina hii. Hukua polepole, na ikienea huanza kwa kuingia tezi ndogo za limfu zilizo shingoni. Ya pili ni folikula, ambayo huonekana zaidi katika sehemu ambazo watu wamekosa iodini kwa muda mrefu. Hii hupenda kupitia kwenye damu hadi kwenye mapafu na mifupa. Chembe za aina hizi mbili kwa kawaida bado hunyonya iodini kama tezi nzima ilivyokuwa ikifanya. Baadaye tutaona faida yake.

Ya tatu ni medula. Hii hutokana na chembe nyingine za tezi hiyo ambazo hazinyonyi iodini kabisa. Robo hivi ya wagonjwa wake wameirithi kutoka kwa mzazi. Ya nne ni anaplastiki. Ni nadra lakini ni kali kupindukia. Huwapata wazee zaidi, huongezeka kwa majuma badala ya miaka, na wengi wa wanaoipata hawamalizi mwaka.

Hivyo basi, usikubali kuambiwa tu kwamba "ilikuwa saratani". Uliza ni aina gani. Jibu kamili hutoka maabara baada ya tezi iliyotolewa kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Omba nakala ya majibu hayo na uiweke pamoja na kitambulisho chako. Kila daktari utakayekutana naye miaka ijayo ataitaka.

HESABU ZINASEMA NINI?

Nchini Marekani, ambako rekodi za saratani zimewekwa kwa miaka mingi, wagonjwa wa papilari ambao ugonjwa wao haujatoka shingoni hulinganishwa na watu wa umri wao wasio na saratani. Baada ya miaka 5, zaidi ya 98 katika kila 100 ya wale wanaotarajiwa kuwa hai huwa wangali hai. Hata ugonjwa ukiwa umefika mapafuni au mifupani, robo tatu hivi huipita miaka hiyo 5.

Umri nao una uzito mkubwa kuliko katika saratani nyingine. Katika utaratibu ambao madaktari wamekuwa wakitumia tangu 2018 kupanga hatua za ugonjwa huu, mgonjwa wa papilari au folikula aliye chini ya miaka 55 huhesabiwa yuko hatua ya kwanza, hata kama ugonjwa umeingia tezi za limfu za shingo. Ukifika viungo vya mbali, huhesabiwa hatua ya pili. Kwa vijana hakuna hatua ya tatu wala ya nne. Basi usishtuke ukisikia "imeenea" ukadhani ndiyo hukumu.

Kuna ushahidi mwingine wa kusikitisha na wa kutia moyo kwa pamoja. Mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, nchini Ukraine, ulilipuka na kusambaza iodini yenye miale hewani. Ilitua majanini, ng'ombe wakala, na watoto wakanywa maziwa. Kufikia 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali hiyo walikuwa wamepatikana na saratani ya thairoidi katika Ukraine, Belarus na sehemu za Urusi. Kati ya hao wote, waliokuwa wamefariki kutokana nayo kufikia mwaka huo ni 15. Wengine walifanyiwa upasuaji, wakatibiwa na kufuatiliwa.

Neno la kushika hapo ni "kufuatiliwa". Hesabu hizi nzuri zimetoka kwa watu waliofika hospitalini mapema, wakameza dawa na kurudi kliniki. Hapa kwetu wengi hukaa na rovu miaka kadhaa, wengine wakipakwa dawa na kuchanjwa shingoni, hadi pumzi inapoanza kubana. Hata baada ya upasuaji kuna wanaopotea wasionekane tena kliniki. Hesabu hazimlindi mtu kama huyo.

SIKU ZA KWANZA

Daktari wa upasuaji anaweza kutoa upande mmoja wa tezi, ikiwa uvimbe ni mdogo, au tezi yote. Mambo matatu huangaliwa baadaye.

La kwanza ni damu. Katika saa 24 za mwanzo, shingo ikivimba ghafla au pumzi ikibana, muuguzi aitwe mara moja bila kungoja daktari apite.

La pili ni sauti. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita nyuma ya tezi hii, mmoja kila upande. Ikiguswa au kuvutwa, sauti hukwaruza au hufifia. Mara nyingi hurudi baada ya majuma au miezi michache. Kwa wachache haipoi kabisa, na hao huhitaji msaada wa mtaalamu wa koo.

La tatu ni madini ya kalsiamu. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo mno, kama punje za mchele, ambazo hulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Zikijeruhiwa, mgonjwa huhisi ganzi au mchonyoto midomoni na kwenye ncha za vidole, kisha misuli hukaza. Ukihisi hivyo ukiwa nyumbani, usijikande maji moto ukalala. Rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa yake ipo, lakini kukawia ni hatari.

IODINI YENYE MIALE

Tulisema kwamba chembe za papilari na folikula hunyonya iodini. Madaktari huutumia ulafi huo kuwa mtego. Mgonjwa hupewa iodini yenye miale, aghalabu kwa tembe au kinywaji. Chembe za thairoidi zilizosalia popote mwilini huinyonya zikidhani ni chakula, na miale ikaziua kutoka ndani. Tiba hii imetumika tangu miaka ya 1940.

Si kila mgonjwa anaihitaji. Mwenye uvimbe mdogo usioenea huweza kuachwa bila hiyo, na hiyo si dalili ya kupuuzwa. Anayeihitaji hutumwa kwenye mojawapo ya hospitali chache zenye idara ya tiba za nyuklia, hasa jijini Nairobi. Ulizia mapema kuhusu zamu na gharama. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imerithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Uliza afisa wa hospitali ni sehemu gani ya gharama italipwa, na uthibitishe umesajiliwa kabla ya siku yenyewe kufika.

Juma moja au mawili kabla ya tiba, mgonjwa huambiwa aepuke vyakula vyenye iodini nyingi: chumvi ya kawaida ya dukani, samaki wa baharini, maziwa na mayai. Sababu ni rahisi. Chembe zikishashiba iodini ya chakula, hazitaigusa ile ya hospitali. Tiba ikiisha, utaambiwa lini urudie chumvi yako.

Nguvu ya miale hii hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, na nyingi hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo kwa siku kadhaa utaagizwa ulale peke yako, unywe maji kwa wingi, na ukae mbali na watoto wadogo na wanawake wajawazito. Mama mjamzito hapewi tiba hii kamwe. Anayenyonyesha lazima aache majuma kadhaa kabla ya tiba, na asimrudishie mtoto huyo titi baadaye. Mwanamke asubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kushika mimba. Mwanamume naye amwulize daktari asubiri kwa muda gani.

TEMBE YA KILA SIKU

Sasa tumefika penye kiini cha somo letu.

Katika mji wa Bern, nchini Uswisi, alikuwako daktari wa upasuaji jina lake Theodor Kocher. Alitoa marovu kwa maelfu, na kwa kazi yake juu ya tezi hii alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Lakini mwaka 1883 alikuwa ametoa habari isiyompa raha. Aliwaita wagonjwa aliowatoa tezi nzima miaka ya nyuma, akaona wengi wamevimba nyuso, wamekuwa wazito wa kusema na kufikiri, na waliokuwa watoto wameacha kukua. Jeraha lilikuwa limepona vizuri. Kilichokosekana ni kile ambacho tezi ilikuwa ikikifanya kimyakimya. Tangu hapo Kocher aliacha kutoa tezi nzima kwa ajili ya rovu la kawaida.

Mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alijaribu kumdunga mama mmoja wa miaka 46, ambaye tezi yake ilikuwa imeacha kufanya kazi, maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama huyo alichangamka. Aliendelea na dawa hiyo miaka 28, ikimaliza tezi za kondoo zaidi ya 870, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74.

Leo kondoo hawahitajiki. Iko tembe ndogo iitwayo levothairoksini, ambayo ni homoni ile ile. Aliyetolewa tezi nzima huimeza kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Aliyebakiwa na upande mmoja huenda asiihitaji, lakini lazima damu yake ipimwe ili ijulikane.

Kwa mgonjwa wa papilari au folikula, tembe hii ina kazi mbili. Kwanza, huchukua nafasi ya tezi. Pili, ni kinga. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ambayo, ikiona homoni imepungua, hutoa amri iitwayo TSH ya kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Chembe za saratani zilizojificha nazo huisikia amri hiyo, zikaamka. Ukiwa na homoni ya kutosha, amri haitolewi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukua mfano wa mama mchuuzi wa mboga. Kovu limepona, nguvu zimerudi, na pesa za dawa zimeingia kwenye karo. Anaacha tembe. Kesho yake hahisi lolote, wala juma hilo, kwa sababu dawa hii hukaa damuni na hupungua kwa nusu tu kila baada ya juma moja. Anasema, "Kumbe sikuihitaji." Baada ya miezi miwili anahisi baridi wenzake wakitoka jasho, uso umevimba, choo kigumu, usingizi mchana kutwa. Anadhani ni uchovu wa kazi. Na wakati huo wote amri ya TSH inapigwa kama ngoma. Usiwe mama huyo.

Kanuni za kuimeza ni hizi:

1. Imeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji matupu. Subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Chai ya maziwa na kahawa huizuia dawa isiingie damuni.

2. Ikiwa unatumia tembe za kalsiamu au za kuongeza damu zenye madini ya chuma, ziache zikae mbali nayo kwa saa 4.

3. Usibadilishe kipimo mwenyewe. Kikizidi, moyo hudunda mbio, mikono hutetemeka, na miaka ikipita mifupa huwa dhaifu. Kipimo kikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya majuma 6 hadi 8.

4. Ihifadhi pakavu, mbali na jua na jiko. Nunua nyingine kabla ya ile uliyo nayo kuisha.

5. Ukishika mimba, usingoje kliniki ya wajawazito. Mwone daktari mara tu unapokosa hedhi, kwa kuwa kipimo huhitaji kuongezwa mapema kwa ajili ya ubongo wa mtoto.

6. Wakati wa Ramadhani dawa haiachwi. Daktari atakupangia saa, kwa mfano usiku kabla ya kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho.

KURUDI KLINIKI

Kwa papilari na folikula, vipimo vitatu hutumika: damu ya TSH, picha ya ultrasaundi ya shingo, na damu ya kupima thairoglobulini. Hii ya mwisho ni protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi pekee. Mtu asiye na tezi hatarajiwi kuwa nayo. Ikianza kupanda mwaka hadi mwaka, ni moshi unaoonyesha kwamba mahali fulani pana moto. Mwenye medula hupimwa protini nyingine, ikiwemo ile iitwayo kalsitonini, na ndugu zake wa damu wanapaswa kuchunguzwa pia.

Ukaguzi mkubwa wa kwanza hufanywa miezi 6 hadi 12 baada ya matibabu, kisha mara nyingi kila mwaka. Ugonjwa ukirudi, aghalabu hurudi katika miaka 5 ya kwanza, tena kwenye tezi za limfu za shingo. Lakini kuna waliorudiwa baada ya miaka 20. Ndiyo sababu daktari hakwambii, "Nenda, umemaliza."

Kurudi kwa ugonjwa si kifo. Ukigunduliwa ungali mdogo, upasuaji wa pili au iodini yenye miale huweza kuuondoa. Kwa wachache ambao iodini haiwafai tena, zipo dawa mpya za kumeza ambazo hupunguza kasi ya ugonjwa, ingawa ni ghali na zina madhara yake. Na kwa mwenye anaplastiki, ukweli ni mchungu. Jamaa wasimfiche mgonjwa wala kuuza shamba kwa waganga wa kuahidi miujiza. Matibabu ya kutuliza maumivu na kurahisisha pumzi ni haki yake, na yanapatikana katika hospitali kubwa na vituo vya kutunza wagonjwa mahututi.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Kabla ya kutoka hospitalini, andika maswali haya kwenye karatasi na usione haya kuyasoma mbele ya daktari. Saratani yangu ilikuwa aina gani na ya ukubwa gani? Nimetolewa tezi yote au nusu? Je, imeingia tezi za limfu? Nitahitaji iodini yenye miale? Nimeze dawa kiasi gani, na TSH yangu inatakiwa iwe ngapi? Nirudi lini?

Nawe jamaa wa mgonjwa, una kazi. Mwulize kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa kikombeni: "Umemeza?" Swali hilo fupi ni sehemu ya matibabu. Kovu la shingoni litafifia hadi lifanane na mkunjo wa kawaida wa ngozi, na wageni hawatalitambua. Tembe na tarehe ya kliniki ndivyo vitakavyobaki, na mgonjwa anayevishika ana kila sababu ya kupanga mambo ya mwaka ujao, na ya miaka mingine mingi.